Kutoka Kidahizo hadi Kauli ya Mgonjwa: Uhakiki wa Kamusi ya Tiba kama Zana ya Kujifunzia Udaktari

Kamusi ya Tiba, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 2003, ni hatua kubwa katika ukuzaji wa istilahi za Kiswahili. Humpa mwanafunzi wa udaktari anayefundishwa kwa Kiingereza jina la Kiswahili la ugonjwa alioujua darasani. Hata hivyo, mpangilio wake unaibua hoja: vidahizo vyake ni vya Kiingereza, ilhali mgonjwa huanza kwa Kiswahili.

Tofauti hii ina uzito. Mama anaposema mtoto ana “degedege”, anaeleza kukakamaa na kutetemeka kwa mwili. Na pwani neno hilo hubeba pia imani kuhusu pepo. “Kichomi” chaweza kuwa maumivu makali ya ubavuni au nimonia. “Mguu” wa mgonjwa waweza kuanzia pajani hadi unyayoni. Anayeanzia maneno haya hana mlango wa kuingilia katika mpangilio huo. Daktari asiyeyaelewa hukosea swali linalofuata, na mtoto mwenye malaria kali hucheleweshewa tiba.

Suala hili linagusa pia mbinu za kujifunza. Mwaka 2006, Roediger na Karpicke walionesha kuwa wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka matini walihifadhi mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kuisoma. Kwa mantiki hiyo, mwanafunzi anayejipima kwa Kiingereza pekee hujiandaa kwa mtihani kuliko kwa wodi. Ndivyo ilivyo pia Lubumbashi, ambako udaktari husomwa kwa Kifaransa na wagonjwa wengi huzungumza Kiswahili.

Huenda ikadaiwa kwamba mazoezi ya wodini yatafidia pengo hilo. Dai hili lina ukweli, lakini humwachia mgonjwa gharama ya somo.

Inafaa, basi, toleo lijalo liwe na sehemu ya Kiswahili–Kiingereza yenye kauli za wagonjwa, maana zake kimaeneo na maswali ya kuzifafanua. Aidha, daktari aliyekwisha kuhitimu anaweza kuweka daftari la kauli hizo, bila majina ya wagonjwa, na kujipima nalo mara kwa mara. Lugha ya wagonjwa hubadilika kila anapohamishiwa kituo kipya. Kujifunza kwake hakuishii kwenye shahada.