Geji Kabla ya Brashi: Kosa Lililoua Kompresa ya Isamilo

Nimeirudia video ile ya kuosha kiyoyozi kule Isamilo mara nyingi, na kila mara naisimamisha dakika ya nne. Fundi ameshafungua uso wa mashine ya ndani. Koili iko wazi mbele yake, imevaa koti la kijivu: vumbi, mafuta ya jikoni na mabawa ya vidudu vya ziwani, vyote vimegandamana mpaka mapezi ya alumini hayaonekani. Brashi ipo juu ya stuli. Anaiacha hapo, anatoka nje, anafunga geji kwenye mashine ya nje. Sindano inasimama kwenye psi 88. Anaitazama kamera, anasema "gesi imepungua", kisha anafungua chupa.

Niseme mapema tusizungushane. Uamuzi ule ulikuwa mbovu, na kiyoyozi kile kilikufa kwa sababu yake siku kumi na tisa baadaye.

Najua video imezunguka kwenye simu za mafundi wa Mwanza kuanzia Kirumba hadi Buhongwa, na wengi mmeisifu kwa usafi wa kazi. Usafi ulikuwepo: alizima swichi kuu, akafunga mfuko wa kuoshea, akatumia pampu ndogo badala ya presha ya kuoshea magari, akasuuza kwa kufuata mapezi. Hongera yake. Lakini yote hayo yalikuja baada ya gesi.

Tukae kwenye ile 88. Mashine ni ya R-410A, na kwa gesi hiyo tumezoea kuona kati ya 110 na 130 upande wa kunyonya. Katika 88 gesi inachemka ikiwa nyuzi nne hivi chini ya sifuri, ndiyo maana koili inaota barafu. Hadi hapo fundi hakukosea kusoma. Mgandamizo kweli ulikuwa chini. Alikosea kudhani kwamba geji imemweleza sababu. Geji ni kama kipimajoto kwa mgonjwa: itakwambia ana homa, haitakwambia kama ni malaria au taifodi.

Mgandamizo wa upande wa kunyonya hushuka kwa njia mbili zinazofanana sana usoni. Ya kwanza, gesi ni kidogo kweli kwa sababu imevuja. Ya pili, gesi ni ile ile ya kiwandani, ila hewa ya chumba haipiti kwenye koili. Gesi inahitaji joto la chumba ili ichemke. Ukiziba mapezi kwa uchafu, joto halifiki, gesi haichemki ya kutosha, mgandamizo unashuka, barafu inaota, na barafu nayo inaziba nafasi iliyobaki. Mashine inaomba hewa, na fundi anaielewa kwamba inaomba gesi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwa ndani ya video. Rudini nyuma kidogo, dakika ya tatu, pale mpiga picha anapopitisha simu kwenye mashine ya nje. Litazameni bomba nene. Linatoka jasho, na utandu mweupe wa barafu umelifuata hadi kwenye kompresa. Gesi ikiwa imepungua, bomba nene hurudi kavu na vuguvugu, kwa sababu gesi kidogo inayoingia kwenye koili inaisha kuchemka mapema na inabaki ikipashwa joto njia nzima. Barafu huonekana mwanzoni mwa koili na kwenye bomba jembamba tu. Bomba nene lenye barafu hadi kwenye kompresa linasema gesi ipo tele na haijapata joto. Kiganja kingetosha kulijua hilo. Na kama kiganja hakikutosha, mita ya kubana waya ilikuwa mkobani, mpini wake mwekundu unaonekana: gesi ikipungua, umeme unaovutwa na kompresa hushuka chini ya kiwango cha kibandiko. Hakuitoa.

Akaongeza gesi kwa kukisia. Chupa imesimama wima, hakuna mzani, anafungua na kufunga huku akitazama sindano mpaka ikafika 118, akaridhika. R-410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, nusu kwa nusu, na kanuni yake inajulikana: inaingizwa ikiwa kimiminika, na inapimwa kwa gramu. Kibandiko cha mashine ile kinasema gramu 780. Kila fundi anayesoma hapa anajua kibandiko kinakaa wapi.

Halafu ndipo akaosha. Akafanya kazi nzuri sana ya kuosha, na kwa hiyo akakamilisha madhara. Maana koili ilipofunguka, hewa ikapita, gesi ikapata joto lake lote, na mgandamizo ukapanda kwa gesi ya zamani pamoja na ile aliyoongeza. Geji ilikuwa imeshafungwa mkobani. Laiti angeifunga tena baada ya kuosha angeona sindano imevuka kiwango, angeivuta gesi ya ziada, na leo nisingeandika. Mashine ile ni ya kawaida, ya kapilari. Haina vali ya kielektroniki ya kurekebisha makosa ya mtu. Usiku chumba kinapopoa, gesi iliyozidi inarudi kwenye kompresa ikiwa bado kimiminika. Kompresa imeumbwa kubana gesi. Kimiminika hakibanwi: kinachanganyika na oili na kuiosha kwenye vyuma, kisha vali zinavunjika.

Mama mwenye nyumba aliponiita, kompresa ilikuwa inanguruma sekunde chache na kuzima. Tulivuta gesi yote kwa mashine ya kuvutia, chupa ikiwa juu ya mzani, naye amesimama pembeni na kanga begani akifuata namba. Ilisimama kwenye gramu 1,030. "Mwalimu, si waliniambia gesi ilikuwa imeisha?" akauliza. Nikamjibu, "Mama, haikuwa imepungua hata kidogo." Ili nisimsingizie mtu, nilijaza naitrojeni hadi psi 350 nikaiacha usiku kucha. Asubuhi sindano ilikuwa palepale. Mfumo haukuwa na tundu. Gramu 250 za ziada, karibu theluthi moja ya ujazo wa mashine, ziliingizwa kutibu ugonjwa wa vumbi.

Hapa narudia neno ambalo nimelisema miaka yote kwenye safu hii, na nitaendelea kulisema: gesi ya kiyoyozi haiishi. Si petroli, wala si gesi ya mtungi wa jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, na kama imepungua basi kuna tundu, na tundu linatafutwa kwa naitrojeni na povu la sabuni kabla ya kuongeza hata gramu moja. Fundi anayejaza gesi kila mwaka kwenye mashine ileile anauza uvujaji. Na inayovuja haipotei bure: gramu moja ya R-410A hewani huongeza joto la dunia takriban mara 2,000 zaidi ya gramu moja ya hewa ukaa.

La pili linalonikera ni video za nje zinazowapotosha vijana wetu. Marekani nyumba nyingi zina njia za hewa za bati zinazopita darini, na huko kuna kazi kamili ya kuzisafisha. Chama chao cha mafundi wa kazi hiyo, NADCA, kilianzishwa mwaka 1989. Vijana wanaona brashi ndefu zinazozunguka, wanatamani, wengine wameagiza, wakati nyumba za Capripoint na Nyegezi zina mashine za ukutani. Njia yetu ya hewa haizidi shubiri mbili, kutoka kwenye chujio, kupita koili, hadi kwenye bloa na mdomo wa kutolea. Wangechukua kanuni badala ya brashi ningewapongeza. Kanuni ya wenzetu ni kwamba uchafu unavutwa utoke nje ya nyumba, unanaswa kwenye chujio zito, na haupulizwi kutoka pembe moja kwenda nyingine. Nasi tuna watu wanaoleta kompresa ya kujazia matairi na kupuliza koili ndani ya chumba cha kulala, kisha mtoto wa nyumba anakohoa wiki nzima. Tena mamlaka ya mazingira ya Marekani hiyohiyo, EPA, haishauri kusafisha njia za hewa kwa mazoea. Inasema safisha pale panapoonekana sababu, kama ukungu, wadudu au vumbi lililoziba. Kwa maneno mengine, tazama kwanza.

La tatu nalisema haraka. Mwanza iko mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari. Ukiweka mashine kwenye ombwe hapa, geji ya kawaida itagota kwenye inchi 26 hivi, haitafika 30 kama Dar es Salaam. Nimeshuhudia fundi kutoka pwani akikata mabomba mazima kutafuta tundu lisilokuwepo kwa sababu sindano "ilikataa" kufika 30. Ni ugonjwa uleule wa kuiamini sindano bila kuiuliza inapima nini.

Nimefundishwa kazi hii na mzee aliyetoka kwenye viwanda vya minofu ya sangara, na nikiwatazama wa leo namkumbuka kwa uchungu. Kizazi chake kilipitia moto. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya wavuvi waliotumia sumu, viwanda vilijua kwamba jicho la mkaguzi litaingia kila kona, na mafundi wa vyumba vya baridi wakajifunza kuosha koili kama wanavyoosha visu. Mzee alikuwa na mpangilio wake na hakuuvunja hata siku moja: macho, kiganja, brashi, kipimajoto, na geji mwisho kabisa. Alikuwa anasimama chini ya koili chafu, mikono nyuma, anatazama kimya kama dakika mbili, huku sisi wanagenzi tunahangaika na mikoba. Nilipomwuliza kwa nini hafungi geji tumalize, alinipa brashi. Nusu ya mashine tulizoitiwa kwa "gesi" zilipona kwa maji na sabuni, na chupa ikarudi stoo ikiwa haijafunguliwa.

Mzee alijua pia jambo la ziwa, ambalo anayejifunzia kazi kwenye simu halijui. Vidudu vile vinavyopanda juu ya maji kama moshi havitoki siku yoyote. Vinafuata mwezi. W. W. Macdonald, aliyevichunguza upande wa Jinja na kuchapisha kazi yake mwaka 1956, alionyesha kwamba vingi hutoka siku chache baada ya mwezi mwandamo, na wavuvi wetu walilijua kabla yake. Vikitua usiku vinafuata taa ya baraza, na feni ya mashine ya nje inavivuta kwenye mapezi. Vinavyopenya ndani vinakutana na koili yenye unyevu na kunata kama gundi. Vumbi la kawaida linatoka kwa brashi kavu. Gundi ya mabawa inahitaji kulowekwa kwa dawa laini ya koili, isubiriwe dakika kumi, ndipo isuuzwe. Msiweke jiki, inakula alumini. Koili ya Isamilo ilikuwa na gundi hiyo, na video ilipigwa siku chache baada ya mwezi kuandama. Fundi wa ziwani alipaswa kuijua kabla hajashuka kwenye pikipiki.

Kijana wa video yule ana mikono mizuri, na sijamtaja wala sitamtaja, kwa sababu kosa lake linafanywa kila siku mjini hapa na watu wazima kumzidi. Lakini mikono mizuri iliyotanguliza chupa imemgharimu mama yule kompresa nzima.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mafundi, osheni kwanza. Washeni mashine robo saa, pimeni hewa inayoingia na inayotoka. Tofauti ikiwa kati ya nyuzi 8 na 12 na bomba nene ni baridi, acheni gesi ilivyo. Geji ifungwe pale tu namba hizo zinapokataa, na chupa isifunguliwe bila mzani. Wenye nyumba, osheni machujio kila wiki mbili, zimeni taa iliyo karibu na mashine ya nje usiku wa mwezi mchanga, na fundi akikuambia gesi imeisha kabla hajashika brashi, mlipe nauli yake na umuage.