Kuchambua

Mwezi wa saba hapa Somanda ni nadra kukuta baraza lisilo na pamba. Umande ukishakauka, mama yangu hutandika turubai mbele ya nyumba, akamwaga mavuno ya jana, akaketi amenyoosha miguu. Mkono wa kushoto hushika konzi ya pamba, wa kulia hudonoa: kipande cha jani kavu, kikonyo, ganda la kitumba, nyuzi zilizoingia rangi ya kutu baada ya mbegu kufyonzwa na wadudu. Nyeupe huenda upande huu, ndiyo safi. Ya madoa huenda upande ule, ndiyo fifi. Vidole havisimami hata anapoitikia salamu ya mpita njia.

Mimi huketi karibu naye na daftari langu. Naipenda kazi ya kuandika kwa moyo wote, na sijapata kuieleza vizuri kuliko inavyoelezwa na neno letu moja. Kiwanda kinachotenga nyuzi na mbegu ni cha kuchambulia pamba. Maharage huchambuliwa kabla ya kubandikwa. Na mwalimu wa fasihi humwambia mwanafunzi: chambua shairi hili. Kiswahili kimeona kazi zote hizo ni za jicho lilelile.

Rasimu ya kwanza ni kuvuna tu. Unachuma kila kilichopasuka, na majani yake. Juzi niliandika kwamba mzee fulani alikuwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake. Nikaisoma kwa sauti, nikasikia makapi. Nikadonoa "kubwa", nikadonoa "sana", nikadonoa moyo wenyewe, mwisho ikabaki: mzee hakumaliza ugali wake. Asubuhi nzima ilikwishia hapo, nami nilisimama nimeshiba.

Wapo wanaotia pamba maji na mchanga ili mzani ushuke. Maandishi nayo hutiwa maji, na msomaji huona uzito huo mikononi kabla hajajua umetoka wapi.

Ng'ambo ya ziwa, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Mchapishaji hakupatikana. Baadaye akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Watu huisimulia miaka ile 35 kwa huzuni, na ni haki yao. Mimi fikra zangu hubaki kwenye ule ugeuzaji: mtu aliyekwisha kumaliza kitabu kinene anarudi ukurasa wa kwanza, anashika kila neno upya, analitafutia mwenzake katika lugha nyingine. Nami naota kwa Kisukuma na kuandika kwa Kiswahili, kwa hiyo namwelewa vidoleni. Lipo neno la mama ninaloweza kulibeba wiki nzima kabla halijapata pa kukaa.

Jana jioni nilimsomea aya mbili, nikizigeuza Kisukuma papo kwa papo. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Huyo mzee wako," akasema, "ugali alioacha ulikuwa wa mtama au wa mahindi?"

Sikuwa nimewaza. Nikafungua tena daftari. Yeye akavuta konzi nyingine.