Kijiwe Kinapoingia Darasani: Mpira, Vichekesho na Kudandia Lori

Mwalimu wa lugha akichoka kusahihisha insha za faida na hasara za simu ya mkononi, hana budi kutafuta njia nyingine. Muhula uliopita niliwataka wanafunzi wangu wa mwaka wa pili waandike maoni ya kijiweni, yaani yale ambayo mtu huyatoa bila kuulizwa, akiwa amekaa na wenzake, juu ya jambo analolipenda. Hapakuwa na utangulizi, kiini wala hitimisho. Karatasi zilizorudi zilihusu zaidi mpira wa kulipwa, vichekesho vya televisheni na michezo ya hatari. Makala haya ni uhakiki wa karatasi hizo. Ni uhakiki wa mwalimu pia, kwa sababu naye hakutoka salama.

Nianze na mpira. Nilitarajia kusoma habari za APR na Rayon Sports. Nilizisoma chache. Wengi waliandika juu ya Simba na Yanga, na sababu ni rahisi: mabishano ya Kiswahili wanayoyasikia katika simu zao yanatoka Dar es Salaam. Tena tuna watu wetu huko. Haruna Niyonzima aliondoka APR mwaka 2011 akajiunga na Yanga, mwaka 2017 akavuka kwenda Simba, kisha akarudi Yanga. Meddie Kagere, mshambuliaji wa Amavubi, aliongoza kwa mabao katika ligi ya Tanzania misimu miwili mfululizo akiwa na Simba, 2018/19 na 2019/20. Kijana wa Kigali akitaka kujiingiza katika mabishano ya Kariakoo, anao mlango.

Na kijana huyo anajifunza haraka. Mmoja ameandika kwamba Yanga ilipoifunga Simba 5–1 tarehe 5 Novemba 2023, jirani yake shabiki wa Simba alikataa kusalimiana kwa mkono kwa wiki nzima, maana mkono una vidole vitano. Hiyo ni jazanda safi kabisa, wala hakufundishwa na mtu. Mwenzake akamjibu pembeni ya karatasi (waliruhusiwa kusomeana) kwamba vidole vitano si vigeni, kwani Simba ilishinda 5–0 mwezi Mei 2012, na kwamba 6–0 ya mwaka 1977 inahitaji mkono wa pili. Hapa pana majibizano, kumbukumbu ya tarehe, na kejeli isiyomtaja mtu kwa tusi. Ningeweza kufundisha malumbano kwa mwezi mzima nisipate mfano bora.

Lakini katika karatasi hizohizo kuna Utopolo, Makolo na majina mengine ambayo mashabiki hubandikana, na waandishi wake wanajitetea kwa kusema "ni utani wa jadi." Hapo nina neno. Utani katika jamii za Tanzania haukuwa ruhusa ya kutukana tu. Ulikuwa uhusiano wenye wajibu: mtani aliyekucheka leo ndiye aliyekuja msibani kwako kesho kushika kazi ambazo ndugu mwenyewe hawezi kuzishika kwa uchungu. Sisi Wanyarwanda tunalijua jambo hili kwa jina la ubuse, baina ya koo na koo, na wazee wanakumbuka kwamba umuse alikuwa na kazi yake katika shughuli za nyumbani, si mdomo peke yake. Utani wa mpira umebaki na mdomo. Sisemi uachwe. Nasema mwanafunzi anayelitumia neno utani ajue limepungukiwa na nini.

Sasa nije kwenye kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na zoezi nililolipenda mno la vichwa vya habari za michezo. Magazeti ya michezo ya Kiswahili yana vitenzi vingi vya kushinda: kuchapa, kunyuka, kulaza, kutandika, kuchinja, kuua. Nilikuwa nawaandikia ubaoni vichwa vya aina hiyo, timu fulani yaua, timu fulani yachinjwa, nao wanasoma kwa sauti na kueleza maana. Zoezi lilikwenda vizuri kila muhula, watu wakicheka. Mwaka mmoja ratiba ililiangusha zoezi hilo mwezi wa Aprili, siku chache baada ya tarehe 7. Zamu ilipomfikia binti mmoja, alisimama, akakitazama kichwa cha habari, akasema kwa upole, "Mwalimu, naomba hiki nisikisome." Akakaa. Hakuna aliyecheka. Nilifuta ubao, nikaendelea na ngeli za nomino mpaka kengele.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba tatizo lilikuwa tarehe. Sasa siamini hivyo. Mwanafunzi wa Morogoro anasoma "yaua" akaona mabao matatu, kwa sababu sitiari hiyo imeshakufa masikioni mwake. Kwetu haijafa, si Aprili wala Oktoba. Nadharia tuliyosoma Mlimani ilitufundisha kwamba sitiari hufa kwa kutumiwa sana. Haikutufundisha kwamba inaweza kufa upande mmoja wa Mto Kagera na kuwa hai upande wa pili.

Na ipo sababu nyingine inayomfanya mwalimu wa Kigali asiweze kusema "ni maneno ya kijiweni tu." Redio RTLM ilipoanza kutangaza Julai 1993, haikuwavutia wasikilizaji kwa hotuba. Iliwavutia kwa muziki, mizaha, simu za wasikilizaji na mazungumzo mepesi yaliyofanana na ya baa. Sauti hiyo ya kirafiki ndiyo iliyobeba chuki iliyochochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza makosa na adhabu, lakini haikuwasafisha. Silinganishi mashabiki wa Simba na watu hao. Atakayenisoma hivyo amenionea. Ninachosema ni kwamba katika nchi hii tunajua mzaha unaweza kubeba kitu mgongoni, na mhakiki wa mazungumzo mepesi lazima aangalie mgongo huo.

Kuhusu vichekesho, nitaeleza kilichotokea nilipojaribu kuwachekesha.

Niliwaletea kipindi cha zamani cha Vitimbi, kile cha Shirika la Utangazaji la Kenya, chenye Mzee Ojwang na Mama Kayai. Marehemu Benson Wanjau, aliyemwigiza Ojwang na kufariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu aliyejipatia jina kwa kuigiza Mjaluo, na sehemu kubwa ya kichekesho ilikuwa matamshi. Dholuo haina sauti sh wala z, basi shule inakuwa sule, na zote inakuwa sote. Mimi nilicheka peke yangu. Darasa lilinitazama. Mwishowe kijana wa nyuma akauliza, "Mwalimu, kosa lake liko wapi?"

Swali hilo limenikaa. Hawakulisikia kosa, kwa sababu kwao Ojwang alikuwa mzee anayezungumza Kiswahili na kueleweka, basi. Kinyarwanda hakitofautishi l na r kimaana kama Kiswahili kinavyofanya, na wanafunzi wetu wanahangaika na jozi kama kula na kura, mahali na mahari. Mwanafunzi anayesema Nairobi kwamba anatafuta mahari ya kukaa atachekwa kama Ojwang alivyochekwa, naye hatakuwa anaigiza. Nilipowaeleza hivyo, walicheka kidogo, kisha mmoja akaandika maoni makali ambayo nayaona ndiyo uhakiki bora wa Vitimbi niliousoma kwa muda mrefu. Kwa muhtasari: kipindi kinamcheka anayejaribu, si anayekataa kujaribu. Waziri asiyejua Kiswahili kabisa hachekwi, kwa kuwa anazungumza Kiingereza.

Hapo nampinga kidogo. Ojwang hakuwa mjinga. Mara nyingi alikuwa mjanja kuliko wenye matamshi safi, na Wakenya walimpenda, Wajaluo miongoni mwao. Kicheko cha Vitimbi kilikuwa na mapenzi ndani yake. Lakini nakubali kwamba mapenzi hayo anayaona aliyekuzwa nayo. Mgeni anaona mtu anachekwa kwa sauti ya mama yake.

Ulinganisho na Tanzania unafaa. Nilipokuwa nasomea shahada ya uzamili Dar es Salaam, kundi la Ze Comedy, ambalo baadaye lilijiita Orijino Komedi, lilikuwa kwenye kilele chake. Usiku wa kipindi, ukumbi wa televisheni pale hosteli ya Mabibo ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Joti, Mpoki, Masanja Mkandamizaji na wenzao waliigiza watu wakubwa, na kicheko kilipanda juu. Hata jina la Mkandamizaji ni somo la uundaji wa maneno: m- na -ji vimeshikilia kitenzi cha kukandamiza, mtu akajipa cheo cha uonevu na kukifanya kichekesho. Hata hivyo, sitaki kuwasafisha kupita kiasi, maana nao walitumia lafudhi za makabila pale wazo lilipopungua, kama alivyofanya kila mchekeshaji wa Afrika Mashariki ninayemkumbuka. Marehemu Mzee Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, ndiye ninayemwona aliihitaji njia hiyo kwa uchache zaidi. Yeye alikuwa na uso. Nilipowaonyesha wanafunzi kipande chake, walicheka kabla hajasema neno, sawasawa na wanavyocheka wakimwona Niyitegeka Gratien, yaani Seburikoko au Papa Sava wao.

Kuna wenzangu wanaosema haya yote yabaki nje ya darasa: mpira una matusi, vichekesho vina lafudhi, na Kiswahili sanifu tayari kina shida ya kutosha hapa. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Kiswahili kiliingia Rwanda kupitia vijiwe. Kilikaa Biryogo na Nyamirambo kwa wafanyabiashara na Waislamu, kikapanda malori na madereva, kikavaa sare na wanajeshi, na watu wengi wa vijijini wakakiona lugha ya wahuni. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 sheria ikakifanya Kiswahili lugha rasmi. Sasa tumekifua, tumekipiga pasi, tumekiweka kwenye mtihani, halafu tunashangaa kwamba mhitimu wetu anaweza kuainisha viambishi lakini hawezi kumjibu kondakta. Zoezi langu la vichwa vya habari nimelirudisha, ila limebadilika. Sasa wanafunzi wanapewa kichwa kimoja na kuulizwa wangekiandikaje kwa gazeti la Dar es Salaam na wangekiandikaje kwa msomaji wa Kigali. Kazi hiyo ni ngumu kuliko ile ya kwanza, na anayetaka kukaa kimya anaruhusiwa bila kueleza sababu.

Fungu la michezo ya hatari lilikuwa dogo, nami sikulitegemea. Nilidhani wangeandika juu ya mbio za dunia za baiskeli zilizofanyika Kigali Septemba 2025, za kwanza kufanyika Afrika. Wachache waliandika: Tadej Pogačar aliyewaacha wenzake na kukimbia peke yake, umbali wa kilomita 267.5, wanaume 30 tu waliomaliza, mlima wa mawe wa Kwa Mutwe ambapo watu walisimama tangu asubuhi. Karatasi nzuri, lakini zinafanana na taarifa ya habari. Aliyeandika hakuwa juu ya baiskeli.

Isipokuwa mmoja. Huyu alikulia kando ya barabara kuu, nje ya Kigali, na ameandika juu ya kudandia lori. Wasomaji wanaijua picha hiyo: kijana mwenye baiskeli ya mizigo anafika chini ya mlima, anangoja lori linalopanda polepole, analishika nyuma kwa mkono mmoja, na lori linamvuta mpaka juu. Polisi wanakataza, na wana haki. Kitenzi kudandia ni chetu sote. Dar es Salaam watoto walidandia daladala, na wazee wanamwambia mtu anayejiingiza katika mazungumzo yasiyo yake kwamba amedandia. Lakini sijawahi kuona kikielezwa kama hapa. Anaeleza moshi unaoingia mdomoni, jinsi ya kuachia kabla ya kona na si kwenye kona, jinsi mkono unavyojua dereva amebadilisha gia kabla sikio halijajua. Hasemi ni jambo zuri. Anasema alikuwa na miaka kumi na minne na magunia mawili ya viazi, na kwamba rafiki yake aliachia akiwa amechelewa.

Sentensi za karatasi hiyo ni fupi, na nyingine hazina kitenzi. Upatanisho wa kisarufi umevunjika mara tisa, nimehesabu. Nimeipa alama za juu kuliko zote darasani, na katika mkutano wa idara itabidi nijieleze. Kosa moja sikulipigia mstari. Ameandika kwamba, ukidandia, jambo la kwanza ni kutafuta "mahari pa kushika."