Sauti Inayopasuka kwa Adabu

Mtu akisema anapenda sauti ya gitaa la bluzi, mara nyingi anachokipenda kimetoka kwenye amplifaya. Gitaa la umeme peke yake halisikiki mbali. Ukilipiga bila kulichomeka, aliye chumba cha pili hana habari. Nyuzi za chuma zinatikisika juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, umeme kidogo mno unazaliwa, na umeme huo ndio unaopelekwa kwenye amplifaya ukakuzwe. Humo ndimo sauti inapopata unene, ukali na uchungu wake. Na kwa zaidi ya miaka sabini, wapiga bluzi wamekuwa wakirudi kwenye sauti moja: ile ya mpakani, pale amplifaya inapoanza kuzidiwa lakini haijazidiwa bado.

Sauti hiyo haikupangwa na mtu. Mpiga gitaa Muddy Waters alipohamia Chicago kutoka Mississippi mwaka 1943, alikuta vilabu vyenye kelele ambamo gitaa kavu halikufua dafu. Wanamuziki wa bluzi wakashika magitaa ya umeme, na amplifaya zao ndogo wakazifungulia hadi mwisho ili wasikike. Sauti ikapasuka. Kwa mhandisi wa wakati ule huo ulikuwa ubovu. Kwa aliyekuwa akipiga, gitaa lilikuwa limepata koo.

Chombo kilichoifikisha sauti hiyo kwenye ukomavu kilitengenezwa kwa kazi nyingine kabisa. Leo Fender, fundi wa Fullerton, California, alianza kuuza amplifaya iitwayo Bassman mwaka 1952 kwa ajili ya gitaa la besi. Toleo la mwishoni mwa miaka ya 1950 lina spika nne za inchi 10, nguvu ya wati arobaini hivi, na vali za kioo kama zile za redio za zamani. Wapiga besi hawakuridhika nalo sana, ila wapiga gitaa na wapiga harmonika walilishika hawakuliachia. Mpiga gitaa Buddy Guy ni mmoja wa waliojenga sauti yao juu yake.

Uzuri wa Bassman unaeleweka ukiichunguza noti moja. Weka sauti katikati, piga uzi kwa upole: noti inatoka safi, ya mviringo. Piga uzi uleule kwa nguvu zaidi, bila kugusa kitufe chochote. Sasa vali zinaombwa umeme zisioweza kuutoa. Vali haikatai ghafla. Inaanza kubana vilele vya wimbi kidogokidogo, na katika kubanwa huko zinazaliwa sauti ndogo za juu ambazo hazikuwemo kwenye uzi. Ndiyo mikwaruzo ile tunayoisikia. Wakati huohuo, vali inayogeuza umeme wa ukutani kuwa wa mkondo mmoja inalemewa, volti zinashuka kwa kitambo kifupi, kisha zinapanda tena. Noti inafanya kama mkokoteni ulionasa kidogo kwenye mchanga kisha ukachomoka: inajikunja mwanzoni, halafu inafunguka. Kidole kinauhisi mvutano huo, na mpigaji anajifunza kuusubiri.

Mwaka 1962, Jim Marshall, aliyekuwa na duka la ngoma Hanwell, London, aliwapa mafundi wake kazi ya kutengeneza amplifaya ya Kiingereza. Walianzia kwenye saketi ya Bassman, karibu bila kuibadilisha, ila vipuri na spika vilikuwa tofauti, na sauti ikawa nzito na kali zaidi. Mwaka 1966 mpiga gitaa Eric Clapton alichomeka gitaa la Gibson Les Paul kwenye Marshall akarekodi albamu na bendi ya John Mayall and the Bluesbreakers, akishikilia kupiga kwa sauti ya juu kama ya jukwaani. Sehemu kubwa ya bluzi ya umeme iliyofuata imepitia mlango huo.

Hata hivyo, mimi nikiambiwa nichague moja, nachukua Fender Super Reverb ya katikati ya miaka ya 1960. Nayo ina spika nne za inchi 10, lakini ni safi zaidi kuliko Bassman, inang'aa juu, na ndani yake kuna springi zinazoipa noti mwangwi wa chumba kikubwa. Kwa sababu inachelewa kupasuka, njia kati ya unong'ono na kilio ni ndefu, na mpigaji ana nafasi ya kusimama popote njiani.

Anayeionyesha njia hiyo vizuri katika zama zetu ni mpiga gitaa Derek Trucks wa Jacksonville, Florida, ambaye kwa miaka mingi alipigia Super Reverb. Waya ulitoka kwenye gitaa lake la Gibson SG ukaingia moja kwa moja kwenye amplifaya. Hachapi nyuzi kwa kipande cha plastiki. Anatumia vidole vitupu, na mkono wa kushoto unateleza juu ya nyuzi kwa kichupa cha kioo. Akitaka sauti laini, anapunguza kitufe kilichoko kwenye gitaa lenyewe. Akitaka ilie, anakifungua. Amplifaya haiguswi. Msikilize akishikilia noti ndefu: inaanza safi kama sauti ya mwanamke anayeimba kanisani, inanenepa, inakwaruza ukingoni, kisha inarudi kuwa safi kabla haijaisha. Mabadiliko yote hayo ni ya vidole.

Asidhani mtu kwamba siri yote iko kwenye vali. Mpiga bluzi B.B. King alitumia kwa miaka mingi Lab Series L5, amplifaya ya transista isiyo na vali hata moja. Yeye hakuhitaji sauti ipasuke. Alihitaji itoke nzima, ili mtetemo wa kidole cha mkono wake wa kushoto usikike wote. Chombo kilikuwa kingine, kipimo kilikuwa kilekile: je, kinaupitisha mkono wa mpigaji?

Kipimo hicho ndicho ninachozipimia amplifaya zote, hata programu za kompyuta za siku hizi zinazoiga zile za zamani. Piga noti moja mara tatu: kwa upole, kwa wastani, kwa nguvu. Ukisikia noti ileile yenye ukubwa tofauti tu, hicho ni kipaza sauti. Ukisikia hali tatu za moyo, umepata amplifaya ya bluzi, nayo inastahili miaka ya kujifunza, kwa sababu itausema ukweli wa mkono wako, udhaifu wake pamoja na uzuri wake.