Kufichua, Kufumania na Kuumbua

Lugha yetu ina vitenzi vitatu ambavyo siku hizi hutumiwa kama kwamba vina maana moja: kufichua, kufumania na kuumbua. Itolewapo hadharani siri ya unyumba wa mtu, mmoja husema kuwa amefichuliwa, wa pili kuwa amefumaniwa, na wa tatu kuwa ameumbuliwa. Na wote hudhani wamesema neno lile lile. Kusudi la makala haya ni kuonyesha ya kuwa vitenzi hivi vyatofautiana sana, na ya kuwa tofauti yao si ya msamiati tu, bali ni ya haki. Nitaipima tofauti hiyo kwa maandishi ya aina tatu: orodha ya majina iliyomwagwa katika intaneti mwaka 2015, habari za fumanizi katika magazeti ya Tanzania, na riwaya mbili za Kiswahili. Msomaji asidhani ya kuwa nataka kuutetea uzinzi. Uzinzi ni khiana, na khiana haihitaji wakili. Lakini hakimu aweza kumhukumu mwizi kwa haki, na aweza vilevile kumhukumu kwa dhuluma. Na dhuluma haigeuki kuwa haki kwa sababu aliyetendewa ni mwizi.

Tuanze na orodha. Mwezi Julai 2015 kundi la wadukuzi lililojiita Impact Team lilitangaza ya kuwa limeiba kumbukumbu za tovuti ya Ashley Madison, mali ya kampuni ya Avid Life Media ya Toronto, nchini Kanada. Biashara ya tovuti hiyo ilikuwa ni kuwakutanisha watu wenye ndoa na wapenzi wa nje, nayo haikuificha biashara yake. Wadukuzi walitaka tovuti ifungwe, haikufungwa. Tarehe 18 Agosti mwaka huo wakazitoa hadharani kumbukumbu za akaunti zipatazo milioni 36: majina, anwani, habari za malipo, na hata matamanio ambayo mtu aliyaandika peke yake usiku akiamini ya kuwa hakuna amwonaye. Kabla ya mwezi kwisha mkuu wa kampuni, Noel Biderman, aliacha kazi. Walaghai wakaanza kuwaandikia waliotajwa barua za vitisho wakidai fedha. Mtumishi mmoja wa dini huko Marekani, ambaye jina lake lilikuwamo, alijiua.

Kampuni yenyewe ilikuwa na makosa mazito. Iliwatoza watu dola 19 ili wafutwe kabisa katika daftari zake, kisha ikaendelea kuzishika kumbukumbu zao. Ilibandika katika tovuti alama ya sifa ya usalama ambayo haikutunukiwa na mtu yeyote. Ilitunga wanawake wasiokuwapo ili wanaume waendelee kulipa, hata wengine wakawa wamezini kwa kalamu tu, na mashine. Tena haikuhakikisha ya kuwa anwani ya barua pepe iliyoandikishwa ni ya yule aliyeiandikisha; mtu aliweza kumwandikisha jirani yake kwa chuki au kwa mzaha.

Sasa tuisome orodha ile kama tusomavyo maandishi mengine, maana nayo ni maandishi, yametungwa na yana wasomaji. Jambo la kwanza tuonalo ni ya kuwa haina msimulizi. Hakuna sauti ya mtu asemaye, nimeona hili na ninalijibia. Jambo la pili, haina wakati wala sababu. Katika mstari mmoja yumo mzinzi wa miaka kumi. Katika mstari wa pili yumo aliyechungulia mara moja akarudi nyuma. Katika wa tatu yumo aliyekwisha achana na mkewe. Katika wa nne yumo aliyeandikishwa na adui yake. Na katika wa tano yumo aliyejuta, akalipa dola 19 ili afutwe. Huyu wa mwisho ndiye wa kusikitikiwa zaidi, kwa kuwa malipo ya toba yake yaligeuka kuwa ushahidi juu yake. Aliyetubu na asiyetubu waliandikwa kwa wino mmoja. Sheria ya dini ya Kiislamu, ambayo wengi wa pwani wamelelewa nayo, yataka mashahidi wanne kabla mtu hajahukumiwa kwa zinaa, na yamwadhibu kwa mijeledi 80 yule amsingiziaye mwanamke mwenye kujihifadhi asiweze kuwaleta. Orodha ile haikuleta hata shahidi mmoja, na dunia nzima iliisoma kama hukumu.

Hapa ndipo kitenzi cha kwanza kidaiwapo maana yake. Kufichua ni kukitoa kilichofichwa, na kitendo hicho chaweza kuwa wajibu. Kampuni iliyowauzia watu ufutaji usiofuta ilistahili kufichuliwa. Lakini yatazame haya: mwezi Agosti 2016 wakuu wa ulinzi wa faragha wa Kanada na wa Australia walitoa ripoti yao ya pamoja juu ya kampuni ile, wakaeleza udhaifu wa ulinzi wake, alama yake ya uongo, na kumbukumbu ilizozishika isivyo haki. Ubaya wote wa mwenye tovuti uliwekwa juani, na ripoti haikuhitaji kumtaja hata mteja mmoja kwa jina. Basi imethibiti ya kuwa kufichua kwaweza kusimama bila ya kuumbua. Wadukuzi, kama kweli walichukizwa na hila ya zile dola 19, wangeweza kuionyesha hila hiyo na kuyaacha majina mahali pake. Walichagua lililo kinyume: waliwaadhibu waliodanganywa kwa kosa la aliyewadanganya.

Kitenzi cha pili ni kufumania. Katika matumizi ya zamani kitenzi hiki hakimkubali kila mtu kuwa mtendaji wake. Afumaniaye ni mume au mke. Ni yule aliyeahidiwa uaminifu akanyimwa. Sheria nayo yafuata njia hiyo: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yampa mume au mke haki ya kudai fidia kwa mtu aliyezini na mwenzake. Haimpi jirani haki hiyo, wala haimpi mpita njia. Dai ni la aliyedhulumiwa, na mahali pake ni mbele ya hakimu.

Magazeti ya udaku yalikibadili kitenzi hiki. Katika miaka ya 2010 kampuni ya Global Publishers ya Dar es Salaam ilikuwa na kikosi chake kilichoitwa Operesheni Fichua Maovu, au OFM, ambacho kilifuatia habari za ufuska na fumanizi na kuzipiga picha. Habari za namna hii zimekuwa tanzu kamili ya nathari yetu, na ni ajabu ya kuwa wahakiki hawajaziangalia, hali zasomwa na watu wengi kuliko riwaya. Tanzu hii ina desturi zake. Huanza mlangoni, katika nyumba ya wageni, humtia msomaji ndani pamoja na umati, humwonyesha mwanamke akitafuta khanga na mwanamume akificha uso, humpa mwenye ndoa maneno machache ya uchungu, kisha huisha. Haiisimulii siku ya pili. Haiendi shuleni pamoja na watoto. Haimwulizi mke aliyeachwa nyumbani kama yeye alitaka mji mzima uyajue yaliyomfika. Jina la kikosi lilisema kufichua. Kitendo kilijiita fumanizi. Lakini mtendaji hakuwa mwenye ndoa, alikuwa mwenye kamera.

Husemwa ya kuwa gazeti lenye adabu hulinda watu kwa kuuziba uso kwa mstari mweusi na kuliacha jina. Ulinzi huo ni wa miji mikubwa. Tutwae mfano wa Mombo, wilayani Korogwe, mji ulio kwenye njia kuu ya kwenda Moshi na Arusha, ambapo barabara ya Soni na Lushoto huanza kupanda milima ya Usambara. Mombo ni mji wa njia tangu reli kutoka Tanga ilipofika hapo mwaka 1905. Wageni hupita, hula, hulala, huondoka. Mgeni aweza kupotea Mombo, lakini mwenyeji hapotei. Gazeti likiandika ya kuwa mwalimu wa kike mwenye watoto wawili amefumaniwa katika nyumba ya wageni karibu na stendi ya Mombo, limekwisha taja jina. Msomaji wa Dar es Salaam ndiye peke yake asiyelijua. Uso wa mtu katika mji mdogo hauko machoni pake tu. Uko katika kazi yake, katika mwendo wake, katika khanga aliyoinunua sokoni mbele ya watu. Mstari mweusi hauvizibi vitu hivi. Na kile kilichofanywa na gazeti jana, leo chafanywa na kila mwenye simu. Picha hupanda Lushoto kabla basi halijatoka stendi.

Twafika katika kitenzi cha tatu, nacho ndicho kizito kuliko vyote. Kuumba ni kutia sura. Kuumbua ni kuiondoa sura iliyotiwa. Lugha ilikiona kitendo hiki kwa jicho kali sana, ikakiita kwa jina la uharibifu wa maumbile. Aliyefichuliwa amepotewa na siri; aliyeumbuliwa amepotewa na sura, na siri yaweza kusahauliwa lakini sura haishonwi tena. Wahenga walisema ya kuwa muungwana akivuliwa nguo huchutama. Watu wengi huielewa methali hii kuwa ni shauri kwa aliyevuliwa: anyamaze, ajisitiri. Mimi naisoma pia kuwa ni swali kwa aliyemvua. Methali haikumtaja, lakini yupo, amesimama na nguo ya mwenziwe mkononi, na uungwana wake hautajwi popote.

Je, fasihi haifichui? Hufichua sana, na tofauti ya njia zake ndiyo itufundishayo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, Bwana Msa huchokora siri za watu. Lakini huchokora kwa sababu kuna mtu aliyeuawa, na damu yake yadai jibu. Siri ihusuyo mauaji hutafutwa, na msomaji hupewa ushahidi wake hatua kwa hatua hata aweze kuupima mwenyewe. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, tunaonyeshwa mwanzoni baba aitwaye Zakaria akiigundua barua ambayo bintiye aliandikiwa na mvulana, na akimpiga bintiye kwa ajili yake. Barua ilikuwa ndogo. Kipigo kilikuwa kikubwa. Na riwaya nzima yafuata mkondo wa aibu ile hadi Rosa anapojiua. Kezilahabi hakumficha Rosa. Alituonyesha mwenendo wake wote, na ubaya wake wote, lakini alituonyesha na asili yake, na siku ya pili yake, ambayo gazeti halina nafasi nayo. Tena hakuna binti wa Ukerewe aliyevuliwa nguo ili riwaya ile iandikwe. Hata hivyo kitabu hicho kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda kwa kudhaniwa ya kuwa chaharibu maadili. Jamii yetu basi ilimfukuza darasani Rosa wa kubuni, na baadaye ikawanunua barabarani akina Rosa wenye damu na mama. Katika mambo mawili hayo, sijui ni lipi lililoharibu maadili zaidi.

Yapo majibu mawili ambayo mpinzani aweza kuyaleta, nayo yanastahili heshima. La kwanza ni ya kuwa sitara huwalinda wadhalimu. Mume ajivikaye sitara huweza kumletea mkewe maradhi, na methali yasema ya kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli. Lakini mwenye haki ya kuijua hatari hiyo ni mke, na dunia haina fungu katika haki hiyo. Tena mke aliyeisoma habari ya mumewe gazetini pamoja na wauza machungwa wa stendi amedhulumiwa mara mbili: kwanza na mumewe, kisha na aliyemwambia. La pili ni ya kuwa kiongozi ahubiriye usafi huku akiishi katika uchafu astahili kufichuliwa. Na hili pia ni kweli, endapo alitumia cheo chake au mali ya umma katika uchafu huo, au endapo aliwaadhibu wengine kwa jambo alitendalo mwenyewe. Hapo lifichuliwalo ni unafiki wa cheo. Lakini watu milioni 36 hawana cheo, wala mwalimu wa Mombo hana.

Kwa hiyo naona ya kuwa yeyote atakaye kuitoa siri ya unyumba yampasa ajibu maswali matatu. Nani aliyedhulumiwa, naye ndiye asemaye? Ushahidi ni upi, na nani aujibiaye kwa jina lake? Na je, dhuluma hii yaweza kuonyeshwa bila ya kumtaja asiyehusika? Orodha ya mwaka 2015 yashindwa katika yote matatu. Fumanizi la gazeti lashindwa katika la kwanza na la tatu, na mara nyingi katika la pili. Sheria zetu zimeanza kuyauliza maswali ya jamii hii: Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 16, yamhifadhia mtu maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeunda Tume ya kusimamia jambo hilo. Lakini sheria humfikia mtoaji wa siri baada ya siri kutoka, na mara nyingi haimfikii kabisa msomaji wake.

Msomaji ndiye ninayetaka kumwachia neno, hasa mwanafunzi wa fasihi, ambaye kazi yake ni kusoma. Tumezoea kumfundisha aulize nani mwandishi na nini dhamira. Tumfundishe pia aulize kama maandishi yaliyo mbele yake yana haki ya kusomwa naye. Wadukuzi walimwaga majina bure, lakini magazeti huuza, na simu huhesabu macho. Bila ya mnunuzi na mtazamaji biashara ya kuumbua haina soko. Mwenye ndoa aliyedhulumiwa na afumanie, maana ni haki yake. Mwandishi mwenye ushahidi na afichue, maana ni kazi yake. Kuumbua hakuna mwenye haki nako, na anayesoma ili aone sura ya mwenziwe ikiondolewa ameshika upande mmoja wa nguo.