Kichwa cha Habari Kilichomfurahisha Truman

Kichwa cha habari ni kazi ya mhariri msanifu, fundi anayebana tukio zima katika maneno machache huku mtambo ukimsubiri. Katika vilivyochekesha wasomaji, maarufu zaidi ni kile cha gazeti la Chicago Daily Tribune la Novemba 3, 1948, kuhusu uchaguzi wa urais wa Marekani: Dewey amshinda Truman. Wapanga chapa walikuwa kwenye mgomo, kwa hiyo kurasa zilifungwa mapema mno, kura zikiwa bado zinahesabiwa. Gazeti likamtegemea mwandishi wake mkongwe wa Washington, Arthur Sears Henning, aliyekuwa na hakika kabisa kwamba Dewey angepita. Zikachapwa nakala zipatazo 150,000. Truman akaibuka na kura 303 za wajumbe, Dewey 189. Kesho yake, katika stesheni ya treni ya St. Louis, mshindi alilinyanyua gazeti hilo kwa mikono miwili, kicheko kimemjaa usoni, na picha hiyo huchapwa hadi leo. Haraka ndiyo iliyoliponza gazeti. Kichwa chenyewe kilikuwa kifupi, wazi na chenye nguvu. Wahariri wasanifu wanastahili pongezi, maana vichwa vyao vingi huwa sahihi na hakuna anayewashukuru.