Mafuta Mengi Si Usalama: Somo la Bunduki Linalohitaji Kurekebishwa

Kuna somo la sentensi moja ambalo ukikaa na watu wenye bunduki lazima ulisikie: "Kabla ya kwenda shabaha, paka mafuta ya kutosha, haitakuangusha." Mwindaji mwenye kibali analisema, aliyemaliza mafunzo ya mgambo analisema, na video za mtandaoni zinalirudia kwa mbwembwe. Leo nataka tulihakiki somo hili kama tunavyohakiki kitabu: lina ukweli gani, limekosea wapi, na kosa lake linamgharimu nani.

Tulipeleke Litembo, kule juu kwenye milima ya Umatengo, wilayani Mbinga. Nimepachagua kwa sababu mazingira yake hayaoni haya kuumbua ushauri wa jumla. Asubuhi ya Juni au Julai ni baridi kweli, mikono inaingia mifukoni yenyewe. Ukiteremka hadi Mbamba Bay, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa ulioko takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, siku hiyohiyo unavua koti na jasho linakutoka. Bunduki ni ileile, mafuta ni yaleyale, lakini hayafanyi kazi sawa.

Tuanze na haki yake. Somo hili lina ukweli mmoja mkubwa: chuma kisichopakwa mafuta hushika kutu. Bunduki iliyolala kwenye baridi ya Litembo ikishushwa ziwani, mvuke wa hewa ya kule unaganda juu ya chuma baridi, kama vile soda iliyotoka kwenye friji inavyotoa jasho nje ya chupa. Utando mwembamba wa mafuta unayazuia yale maji yasiguse chuma. Hapo hakuna ubishi.

Tatizo ni neno "ya kutosha". Katika vichwa vya wengi, maana yake ni "mengi".

Kwa nini mengi hayasaidii

Mwaka 1902 mhandisi wa Kijerumani, Richard Stribeck, alichapisha vipimo vya msuguano kwenye beringi. Picha tunayoipata kwenye kazi hiyo na ya waliomfuata ni hii: sehemu ikizunguka kwa kasi bila kusimama, inajivutia mafuta na kuelea juu yake, chuma hakigusi chuma. Ndivyo injini ya pikipiki inavyoishi.

Bunduki haiishi hivyo. Bolti, yaani kile kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya chemba, inarudi nyuma, inasimama, inakwenda mbele, inasimama tena. Kila inaposimama, ile hali ya kuelea inakufa. Kinachobaki kuilinda ni tabaka la mafuta lililong'ang'ania kwenye chuma, jembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Ukipaka tone moja pale chuma kinapoteleza juu ya chuma na kulisambaza kwa kidole, tabaka hilo umeshalipata. Ukimimina kijiko kizima, tabaka ni lilelile. Yaliyozidi yanatafuta pa kwenda, na huko yanakokwenda ndiko matatizo yalipo.

Yanakokwenda

Kwanza, kwenye mtutu. Mafuta yaliyotuama humo ni kizuizi mbele ya risasi. Kwa uchache yanapeleka risasi ya kwanza kusikotarajiwa. Yakiwa mengi sana, yanaweza kuongeza shinikizo hadi mtutu uvimbe. Ndiyo maana mtutu hupanguswa ukauke kabla ya kufyatua, hata kama ulihifadhiwa na mafuta.

Pili, kwenye chemba. Risasi inapofyatuka, ganda lake la shaba linatanuka na kushika kuta za chemba, hivyo linapunguza nguvu inayosukuma bolti nyuma. Chemba ikiwa na mafuta, ganda linateleza badala ya kushika, na mzigo unahamia kwenye bolti.

Hapa kuna mfano wa kwetu Afrika Mashariki. Katika vita vya 1940 na 1941, askari wa King's African Rifles walipopambana na Waitaliano huko Somalia na Ethiopia, upande wa pili ulikuwa na bunduki ya rashasha nyepesi iitwayo Breda 30. Wabunifu wake walijikuta na silaha isiyotoa maganda vizuri, wakaiwekea kitangi kidogo cha kupaka mafuta kila risasi inapoingia. Kwenye karatasi, tatizo limekwisha. Kwenye vumbi, kila risasi iliyopakwa mafuta ikawa sumaku ya mchanga, na Breda 30 imebaki na sifa ya kukwama hadi leo. Sisemi vita iliamuliwa na mafuta. Nasema "ongeza mafuta" lilikuwa jibu la wahandisi wakubwa pia, na vumbi likawashinda.

Tatu, na hapa naomba utulie, kwenye njia ya pini inayogonga fataki, kile kitufe kidogo kwenye kitako cha risasi. Chukua SKS, ambayo kwetu wengi huiita SAR. Nyingi zina pini isiyo na springi, inacheza huru ndani ya bolti. Ikiwa safi hakuna shida: bolti ikijifunga, pini inasogea kidogo na kugusa fataki bila nguvu ya kuiwasha. Lakini grisi nzito ya kuhifadhia ghalani, ikichanganyika na masizi na mafuta mapya yaliyomiminwa juu yake, inaweza kuigandisha pini ikiwa imechomoza mbele. Bolti ikifunga tu, risasi inatoka. Hakuna aliyegusa kifyatulio. Inaweza hata kuendelea kufyatua mfululizo. Mtu bado anajiweka sawa, pengine jirani yake hajalala chini vizuri, na bunduki imeshaamua yenyewe.

Sasa ongeza baridi ya Litembo. Mnato wa mafuta ya kawaida ya injini, yaani ule uzito wake wa kutiririka, huongezeka takriban maradufu kila joto linaposhuka nyuzi 10 hadi 15 hivi. Grisi iliyokuwa laini ziwani jana mchana, leo alfajiri mlimani ni gundi. Mtu anasikia bolti nzito, anakumbuka somo lake, anaongeza mafuta. Kumbe kilichotakiwa ni kuvua bolti, kuiosha, kuikausha, kisha kutikisa na kusikia pini ikicheza.

"Mafuta yoyote ni mafuta"

Somo letu lina mdogo wake, huyu wa "mafuta yoyote ni mafuta". Huyu ni mbaya zaidi. Mafuta ya alizeti yanaungana na oksijeni na kugeuka utando unaonata, uleule unaoukwangua pembeni ya karai la maandazi. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na kila aliyewahi kuyapaka nywele asubuhi ya baridi anajua. Oili chafu ya pikipiki ina masizi, asidi na chembe za chuma, yaani unapaka msasa wa majimaji. Na ile kopo ya WD-40 ya fundi? Herufi zake zinatokana na kazi ya kufukuza maji, na kazi hiyo inaiweza. Lakini sehemu kubwa yake huyeyuka hewani na kubakiza utando mwepesi tu. Usiitegemee kama kilainishi.

Vipi zile video za majaribio, ambapo pete ya chuma inazungushwa ikibanwa na beringi, kisha mafuta yanayochelewa kukwaruzwa yanatangazwa bingwa? Zinapima shinikizo kali la msuguano usiokoma, jambo ambalo bunduki hailipati. Hata kimiminika chenye klorini, ambacho kingekula chuma chako kwa kutu, kinaweza kufaulu mtihani huo. Swali limekosewa, basi jibu halina faida.

Gobore linataka maji

Kasoro ya mwisho ni kudhani mafuta ndiyo mwanzo wa usafi. Baruti nyeusi ya gobore ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama vitu yabisi, vingi vikiwa chumvi za potasiamu. Chumvi hizo zinavuta unyevu wa hewa na kuleta kutu haraka. Mafuta ya petroli hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu na kufanya uji mweusi mzito. Kinachoiyeyusha ni maji ya moto na sabuni. Osha, kausha kabisa, ndipo upake utando mwembamba. (Na kama gobore halina kibali, tatizo la kwanza si kutu. Ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.)

Ukiwatazama Wamatengo na ngolo zao, yale mashimo ya shambani yanayokamata maji ya mvua kwenye miteremko, utaona wakulima ambao hawamwachii maji aende anakotaka. Wanayapangia mahali. Mafuta yanataka nidhamu hiyohiyo.

Kwa hiyo mwalimu wako wa shabaha akikuambia "paka ya kutosha", muulize kwa heshima mambo matatu: nipake wapi, nipanguse wapi, na pini inacheza? Kabla ya yote hayo, magazini itolewe, chemba ikaguliwe kwa macho na kwa kidole, na mdomo wa mtutu uelekee salama. Na siku ya shabaha yenyewe, ukivuta kifyatulio risasi isitoke, usifungue bolti fasta na usigeuke kumwita mtu. Fataki iliyogongwa kwa pini nzito inaweza kuchelewa kuwaka. Acha mtutu ukitazama shabaha, hesabu walau sekunde 30, ndipo ufungue.